Kwa Mabula, Kuhusu Ile Ngitili

Migato, Jumamosi, saa tisa alasiri

Mabula ng'wanawane, mwanangu,

Umetoka sasa hivi na baiskeli ya baba yako mdogo kwenda Bariadi mjini kununua viatu vya katambuga kwa safari yenu ya kesho, na kabla jua halijazama utakuwa umerudi. Nimekaa hapa mlangoni na daftari lako la kidato cha pili, lile lenye kurasa tupu nyuma, na kalamu inayokwama kila mstari wa tatu. Mwandiko wangu unaujua. Nilijifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la kisomo, dada yako Holo akiwa mgongoni, kwa hiyo nivumilie herufi zikipandana.

Habari za kuchemsha maji, kujihadhari na pombe na kumsikiliza baba yako mdogo nimezisema wiki nzima, mpaka umeanza kuitikia "ndiyo, mayu" kabla sijamaliza. Sizirudii. Nataka kuandika jambo moja tu ambalo sijawahi kulisema kwako wala kwa mtu mwingine aliye hai. Nimekaa nalo tangu ukiwa mchanga. Ni kuhusu ile ngitili, malisho ya akiba ya babu yako.

Wewe unaijua kwa masimulizi ya bibi yako. Alikukalisha jikoni, mahindi yakiwa kwenye makaa, akakusimulia ilivyokuwa hapa nyuma ya nyumba: babu yako akiifunga mvua zinapoanza, hakuna ng'ombe kuingia, hakuna shoka, mpaka mwezi wa saba ambapo nyasi zimekauka kote isipokuwa humo. Alikuhesabia migunga na mikwaju, kanga waliotaga chini ya vichaka, nyegere aliyevunja mizinga, fisi aliyelala mchana kwenye pango la kichuguu. Ulikuwa ukimkatiza kila neno. Alikuwa mkubwa kiasi gani? Alilia vipi? Asubuhi unachukua mkaa unachora ukutani. Ulimchora kakakuona ukampa masikio ya punda, kwa sababu hukuwa umemwona kakakuona, punda ndiye uliyemwona. Sikuufuta mchoro ule. Umefutwa na mvua.

Macho yako yalipofunguka vizuri, nyuma ya nyumba palikuwa hivi palivyo leo. Korongo. Udongo mweupe usioshika kitu ila gugu la kiduha. Kutoka hapa nilipokaa naona hadi kwa jirani wa nne, naona hata kuku wake. Tunapikia mabua ya pamba, na yakiisha tunapikia kinyesi cha ng'ombe. Siku moja, ukiwa darasa la tano au la sita, nilikuona wewe na rafiki yako Sayi mnachimba ukingoni mwa korongo. Watu walidhani mnatafuta kuni. Mliutoa mzizi mnene wa mgunga uliokwisha kukatwa zamani, na badala ya kuubeba nyumbani ukauweka puani ukaunusa, kisha ukampa Sayi naye akaunusa. Mlikaa pale mkipokezana. Niliingia ndani nikafunga mlango, nikakaa kitandani mchana kweupe kama mgonjwa.

Umekua ukijua kwamba ni baba yako aliyeikata. Bibi yako alisema hivyo, baba yako mwenyewe alisema hivyo, na mimi niliacha iwe hivyo. Mabula, baba yako hakutaka. Mimi ndiye niliyetaka.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, nisijipunguzie.

Wewe ulizaliwa wakati wa ruksa, maduka yalipoanza kujaa tena. Kabla ya hapo sabuni tulikuwa tunagawana kipande, na nguo mpya ilikuwa habari ya kijiji kizima. Kisha ghafla vitu vikarudi. Kanga, redio, sufuria, baiskeli. Na mabati. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, na mwaka ule uliozaliwa mvua ilinyesha kweli, ndiyo maana jina lako ni Mabula. Paa lilivuja pande tatu. Nilikuwa nakuhamisha kutoka kona hadi kona, na kikohozi chako kilikuwa kama cha mzee. Hayo ni kweli, na ningeweza kuishia hapo, ungesema mama alifanya kwa ajili yangu. Lakini siyo yote. Jirani yetu wa upande wa kisimani aliezeka bati mwaka huo. Lilikuwa linamemeta mpaka unakunja macho. Wanawake tukipita na ndoo tulikuwa tunanyamaza mbele ya ile nyumba. Nami nikataka siku moja wanyamaze mbele ya yangu. Sikukatia kikohozi chako tu. Nilikatia na hilo.

Nikamwambia baba yako tufungue kipande cha ngitili tulime pamba. Udongo ule haukuwahi kuguswa, ungetoa pamba ya bati kwa msimu mmoja. Baba yako alikuwa anasuka kamba. Hakuinua kichwa.

"Ile si shamba, mama Holo," alisema. "Ile ni chakula cha kiangazi. Mwezi wa tisa ng'ombe watakula nini?"

"Kipande tu. Kutoka njiani hadi kwenye kichuguu."

"Baba yangu hakukata hata fimbo humo."

Nikamjibu neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nashika mdomo. Nilisema, "Basi ng'ombe wako wana ngitili, na mwanao ana paa linalovuja. Sasa najua nani ni nani katika nyumba hii."

Aliendelea kusuka kamba. Kesho yake pia alisuka, na keshokutwa. Siku ya tatu alikwenda mnadani. Nikakufunga mgongoni, nikachukua shoka, nikaingia ngitili. Mti wa kwanza niliukata mimi. Ulikuwa mgunga mdogo, unene wa paja langu, na miiba yake ilinichana mikono mpaka damu ikakudondokea mguuni nikadhani umeumia wewe. Nilikata na wa pili. Nilikuwa kwenye wa tatu baba yako aliporudi. Alisimama akaniangalia. Kwetu mwanaume ambaye mke wake anaonekana akikata miti na mtoto mgongoni, wakati yeye anatoka mnadani, hana pa kuuficha uso. Nililijua hilo. Ndiyo maana nilichagua upande wa njiani.

Akanyoosha mkono. "Lete," alisema. Nikampa shoka, na tangu hapo akakata yeye.

Baada ya wiki tuliita watu kuchoma. Moto uliposogea walitoka digidigi wawili, dume na jike, wakasimama katikati ya shamba la mtama lililokwisha kuvunwa. Hawakukimbia. Walikuwa wanageuza vichwa huku na huku, kama wageni walioshushwa kituo kisicho chao. Watu waliwaua kwa fimbo bila hata kuwakimbiza. Mguu mmoja waliniletea mimi, mwenye shamba. Niliupika, tukala, na nilisema ni mtamu.

Pamba ilikuja kama nilivyosema. Tukaezeka. Wanawake walinyamaza mbele ya nyumba yangu mara chache, kisha wakazoea, kwa kuwa na wao walikuwa wakifungua ngitili zao. Msimu uliofuata kulikuwa na ada ya shule ya Holo, tukasogeza mpaka kupita kichuguu. Uliofuata tulisogeza tena, kwa sababu kile kipande cha kwanza kilikuwa kimechoka. Kisha wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, wakasema limeni, sisi tunachukua yote, na watu wakalima hadi ukingoni mwa mto. Ukiniuliza ni siku gani tuliamua kuimaliza ngitili, sina siku ya kukuonyesha. Haikuwepo. Kulikuwa na vipande tu, na kila kipande kilikuwa na sababu nzuri.

Sasa nifike kwenye lililo zito zaidi kwangu, kwa maana kukata miti watu wote walikata. Kunyamaza ni langu peke yangu.

Siku ile ulipomuuliza baba yako, ulikuwa na miaka kama kumi na miwili. Mimi nilikuwa palepale nabambua karanga. Ulisimama mbele yake ukamwambia, "Baba, kwa nini uliikata?" Uliniangalia hata mimi, kwa kupita. Baba yako aliweka chini kikombe cha uji. Nilijua anakaribia kuniangalia na mimi, nikainamia karanga.

"Nilikosea, mwanangu," alisema.

Basi. Ukatoka. Nilimuuliza kwa nini amejitwika. Akanijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeongelea mbegu: "Akinikasirikia mimi, jioni bado atakula ugali wako. Akikukasirikia wewe, atakula wapi?" Kisha akachukua jembe akaondoka. Nami nikaona ni sawa. Ndivyo nilivyo, Mabula. Niliona ni mpango mzuri.

Miaka minne baadaye mkavuka mpaka wa hifadhi, wewe na Sayi na yule rafiki yenu mwingine. Mwendo wa siku nzima kwa miguu, na ugali wa baridi kwenye mfuko wa rambo. Askari wa wanyamapori waliwakuta siku ya pili mmekaa juu ya jiwe na daftari. Tulipofika mimi na baba yako, mlikuwa mmefungiwa kwenye chumba cha stoo. Nakumbuka maneno yote.

"Ulifuata nini humu?" askari alikuuliza mbele yetu.

"Kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Miti. Na wanyama, kama wangetokea."

Walicheka. Siyo kwa ubaya, walicheka kama watu waliochoka. Mkubwa wao akasema, "Kijana, wanaoingia humu kuangalia wana magari." Karatasi yao ilikuwa na mahali pa kuandika kosa: kuwinda, kuchunga, kukata miti, kuokota kuni. La kuangalia halikuwemo. Wenzako walikubali kuni, wakaachiwa na wazazi wao. Wewe ulisema, "Sikuokota hata kijiti." Ukakaa siku tatu. Siku ya tatu baba yako aliweka dole gumba lake kwa niaba yako, akakubali kuni ambazo hukuokota, akauza mtamba kwa faini.

Tulirudi kwa mstari, yeye mbele, wewe katikati, mimi nyuma na kibuyu cha maji. Tulipofika pale ambapo miti inaisha ukasimama ukatazama nyuma. Kisha ukamwambia mgongo wake, "Baba, ungeniachia ule msitu wetu, nisingekwenda kuutafuta wa serikali."

Hakusimama. Aligeuka mara moja tu, lakini si kukutazama wewe. Alinitazama mimi. Hakuwa na hasira, ng'wanawane. Alinitazama kama mtu anayeuliza kama kibuyu kimenielemea. Nikatikisa kichwa kwamba hapana, tukaendelea na safari. Njia nzima nilikuwa nasema moyoni nikifika kwenye ule mto nitasema, nikifika kwenye ile shule nitasema. Nilifika nyumbani nikawasha moto.

Tangu hapo mliongea naye habari za ng'ombe na jembe tu. Alipoanza kuugua kifua ulikuwa Maswa, unapakia marobota ya pamba kiwandani. Alikuwa ananiuliza kila gari likipita barabarani, "Siyo Mabula huyo?" Siku moja nilimwambia nitakutumia barua nikueleze yote. Alikohoa kwanza, muda mrefu, kisha akasema, "Sasa hivi? Ili aje hapa kwa sababu ya huruma?" Sikujua alimaanisha ndiyo au hapana. Nikachukua iwe hapana, kwa kuwa ndilo lililokuwa jepesi.

Ulifika siku ya mazishi. Ulichukua koleo ukafukia tangu mwanzo hadi mwisho bila kumpokeza mtu, uso mkavu, kama mtu aliyekodiwa kibarua. Watu walisema, kijana jasiri. Mimi nilijua si ujasiri. Nilitaka kuinuka nikushike lile koleo mbele ya wote niseme. Wanawake walikuwa wamenishika mikono huku na huku. Ningeweza kujitoa. Niliacha wanishike.

Ningeweza kuendelea kunyamaza mpaka kufa, sikufichi. Kama ungekuwa unarudi Maswa kwenye marobota, daftari hili lingebaki na kurasa zake. Lakini wiki iliyopita baba yako mdogo Jilala alikuja hapa akakueleza habari za Rukwa, anakohamishia ng'ombe wake, akakutaka uende naye. Nilikuwa nasikia kutoka jikoni. "Kule misitu bado ipo," alisema. "Nyasi zinamfika ng'ombe tumboni. Usiku unasikia simba. Unatembea siku mbili hujakutana na shamba la mtu." Nikachungulia, nikaona uso wako. Sijauona ule uso tangu ulipokuwa unamkatiza bibi yako. Kisha Jilala akasema, "Unashusha shoka tu, unalima unapotaka." Na wewe hukulisikia hilo. Nilikuwa naangalia macho yako, halikuingia. Ulikuwa bado kwenye simba.

Jana nilipita kwake kuwasaidia kufunga mizigo. Plau mbili. Mashoka sita, mapya, bado yana mafuta. Gunia la mbegu za pamba. Nilisimama mbele ya vile vitu mpaka mke wake akaniuliza kama najisikia vibaya. Nikasema ni jua.

Maisha yako yote umetaka kuona msitu. Hapa haupo. Ule wa hifadhi umefungwa, na jina lako limeandikwa kwenye karatasi yao. Kwa hiyo njia pekee uliyopata ya kuufikia msitu ni kwenda na ng'ombe sabini na mashoka sita. Nimeligeuza jambo hili usiku na mchana nikitafuta upenyo wa kukuambia usiende, na sijaupata. Ukibaki, utakaa na mimi mlangoni tunaangalia kuku wa jirani wa nne. Ukienda, utakuwa mtu wa shoka. Kazi ya mama ni kumwonyesha mtoto mlango, lakini mimi kila nilikogusa nimekuta ukuta.

Sitakuambia usikate. Utakata. Ng'ombe wa Jilala hawatashiba kwa wewe kuangalia miti, na ni yeye anayekulisha mpaka upate wako. Wala sitakuambia acha kipande, maana sisi tulianza kwa kusema tunakata kipande, na neno hilo silitaki tena mdomoni mwangu. Nachoweza kukupa ni kile nilichokiona. Utapata mke huko. Nakuombea mwenye akili na mikono ya kazi. Na siku moja atasimama mlangoni na mtoto anayekohoa akuambie paa linavuja. Atakuwa anasema kweli. Usimwone mbaya. Nilikuwa mimi. Sijui umjibu nini, baba yako naye hakujua, na wakati anatafuta jibu mimi nilichukua shoka. Labda ungekaa naye tu siku hiyo msemezane mpaka mchoke, wewe na yeye, kabla mmoja wenu hajainuka. Sisi hatukukaa. Mimi nilitupa neno, yeye akasuka kamba.

Na jambo lingine. Lolote litakalotokea huko, usimwachie mwenzako alibebe peke yake, hata akikubali mwenyewe. Hasa akikubali mwenyewe.

Barua hii nilipanga kuishona ndani ya pindo la blanketi lako, uikute ukiwa mbali, pengine Shinyanga, pengine huko huko Rukwa. Hata uzi nilishautunga kwenye sindano. Nimekaa na ile sindano nikajiona. Ni kule kuinamia karanga tena. Ningekuwa nimesema bila kuwepo.

Kwa hiyo sishoni. Nitakupa mkononi leo, jua likiwa bado lipo, na nitakaa mbele yako mpaka umalize kusoma. Ukitaka kusema, sema yote, hata kama majirani watasikia. Ukitaka kuondoka usiku huu huu ukalale kwa Jilala, sitakufuata wala sitakuzuia. Usinipe msamaha wa haraka haraka kwa sababu ya safari. Kaburi la baba yako liko hapo pembeni mwa zizi, na njia ya ng'ombe kesho inapita karibu yake. Utakachofanya hapo ni kati yako na yeye. Nami sitasimama katikati yenu tena.

Nasikia kengele ya baiskeli huko barabarani, na sauti yako unamwamkia mtu, unacheka naye. Nimekusikia ukicheka hivyo mara chache sana. Najua utakapofika hapa mlangoni kicheko hicho nitakikata mimi. Nimenyanyuka mara mbili kuichana karatasi hii, na mara mbili nimerudi kukaa.

Njoo, baba. Egesha baiskeli uje usome.

Mama yako,
Minza